Ile filamu fupi ya Gorizia: walikuwa wagonjwa kweli, na baada ya pale ikawaje?

Swali limeletwa na binti mmoja anayesomea utengenezaji wa filamu, nalifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Darasani tumeonyeshwa filamu fupi ya Kiitaliano ya mwaka 1968, nyeusi na nyeupe, inaitwa I giardini di Abele, kaitengeneza Sergio Zavoli. Ni hospitali ya wagonjwa wa akili lakini watu wamevaa nguo zao, wanatembea bustanini, wanajibu maswali vizuri tu, wanakaa kwenye mkutano na madaktari wao. Wenzangu wanasema yale ni maigizo. Walikuwa wagonjwa kweli? Na ni kweli Italia walikuja kuzifunga hizo hospitali zote, sasa wagonjwa walikwenda wapi? Nauliza kwa sababu nataka kutengeneza ya kwangu hapa nyumbani, kwenye hospitali ya akili, sijui nianzie wapi."

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza matatu kwa mpigo na hilo la mwisho umelipitisha harakaharaka mlangoni kama vile ni dogo, kumbe ndo kubwa kuliko yote, tutalifikia.

Tuanze na wenzako. Hapana, sio maigizo, wale walikuwa wagonjwa wa hospitali ya Gorizia, mji mdogo kaskazini mashariki mwa Italia, na wengine humo walishakaa miaka mingi sana kabla kamera haijafika. Hospitali yenyewe iko pembeni ya mji, na baada ya vita ya pili mpaka wa Italia na Yugoslavia (leo upande ule ni Slovenia) ulichorwa ukapita ubavuni kabisa mwa eneo lake, kwa hiyo mtu aliyelazwa pale alikuwa mwisho wa mji, mwisho wa nchi na mwisho wa dunia ya Magharibi kwa wakati mmoja. Nadhani kinachowachanganya wenzako ni kwamba wamezoea kichaa wa kwenye sinema, yule wa kupiga kelele na kujing'ata, sasa wakimwona mzee kavaa koti lake, anavuta sigara, anaeleza taratibu maisha yake yalivyokuwa wanasema huyu mzima huyu. Mimi nimekaa wodini miaka mingi na nakwambia ugonjwa wa akili hauchukui mtu mzima saa 24. Mtu anaweza akawa anasikia sauti zinamtukana tangu asubuhi, na huyohuyo akakukumbusha kwamba maharage ya jana yalikuwa na mawe na nesi wa zamu aliahidi kulifuatilia hakulifuatilia. Ukimuuliza swali la maana anakujibu la maana, shida ni kwamba kwa miaka mingi hakukuwa na mtu wa kumuuliza.

Na hapo ndo penye uzito wa ile filamu, kwa hiyo ngoja nirudi nyuma kidogo.

Italia ilikuwa inaendesha hospitali hizi kwa sheria ya mwaka 1904, na sheria ile haikuuliza mtu anaumwa nini, iliuliza kama ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine au kama analeta aibu hadharani. Ukishaingizwa kwa utaratibu huo unaandikwa kwenye rejista ya mahakama, ileile wanayoandikwa waliohukumiwa kwa jinai. Yaani umeugua unatoka na rekodi kama ya mwizi. Haki nyingi za raia zinakuishia, mali yako anasimamia mwingine, na mkurugenzi wa hospitali ndo mwenye mamlaka juu yako na ndo anayebeba lawama ya kisheria ukitoka ukafanya jambo, sasa fikiria mkurugenzi gani ataruhusu mtu atoke kama kila anayetoka anaweza kumpeleka yeye jela. Mfumo wenyewe ulikuwa umeshajibu kabla hajauliza. Mwishoni mwa miaka ya sitini walikuwa wamefungiwa humo karibu watu laki moja nchi nzima. Na nchi hiihii ndiko tiba ya shoti ya umeme ilikovumbuliwa, Roma, mwaka 1938, na madaktari wawili, Cerletti na Bini. Mimi sio mpinzani wa hiyo tiba, ikitumika leo kwa usingizi na kwa sababu sahihi inaokoa watu wenye sonona kali, ila kwenye hospitali za wakati ule ilitumika pia kunyamazisha watu na hilo halina utetezi.

Mwaka 1961 akaletwa mkurugenzi mpya Gorizia, Franco Basaglia, mzaliwa wa Venice, miaka 37. Alikuwa chuo kikuu cha Padua, mtu wa vitabu mno, anasoma wanafalsafa kuliko vipimo mpaka bosi wake alikuwa anamwita mwanafalsafa, na kwa lugha ya vyuo hiyo sio sifa, ni kumwambia mtu kwamba cheo hapa hupati. Gorizia ilikuwa kama kupelekwa pembeni. Alipoingia akasema harufu aliyoikuta anaijua, maana akiwa kijana aliwahi kufungwa gerezani kwa kuwapinga mafashisti wakati wa vita, na harufu ilikuwa ileile. Kuna kisa kinachosimuliwa sana cha asubuhi yake ya kwanza kazini. Kiongozi wa manesi kamletea daftari la waliofungwa usiku, mkurugenzi anatakiwa kutia saini kila siku kuonyesha ameridhia fulani na fulani wafungwe kitandani kwa mikanda, akalisukuma akasema kwa kilugha chao cha Venice kwamba yeye hasaini. Basi. Hakuna hotuba. Hakusaini, na kufunga watu bila saini yake ikawa ni kosa la anayefunga.

Sasa mdogo wangu angalia miaka. Kaingia 1961, filamu ni ya 1968. Kati hapo ni miaka saba ya kazi ambayo kamera haikuwepo, na hili ndo ningependa mlijadili darasani badala ya kubishana kama ni maigizo. Hakufungua mageti siku moja. Alianza na wodi moja, akaja na daktari mmoja kutoka Padua halafu wengine wakaongezeka kidogokidogo, kina Slavich, Casagrande, Pirella, Jervis baadaye. Mkewe Franca Ongaro naye alikuwa katikati ya kila kitu, sehemu kubwa ya maandishi yanayobeba jina la Basaglia yamepita mikononi mwake na mengine ni yake kabisa, huwa anasahaulika na mimi huwa linaniudhi. Wakaenda kujifunza kwa Waskoti, kwa Maxwell Jones ambaye alikuwa anaendesha hospitali kwa mikutano ya wote, daktari na mgonjwa na nesi wanakaa duara moja. Uzio wa nyavu ukatolewa, nguo za sare zikaachwa, watu wakarudishiwa vitu vyao vidogovidogo, kikafunguliwa kibaa ndani ya hospitali wagonjwa wenyewe wanahudumia kahawa, wakawa na gazeti lao. Na mikutano, jamani, mikutano asubuhi mchana jioni, ya wodi, ya manesi, ya madaktari, na ule mkubwa wa wote kila siku ambao mtu yeyote anaweza kuingia na kutoka, kuongea au kulala kwenye kiti. Humo ndimo yalimojadiliwa mambo makubwa kama nani atoke na mambo ya sigara na safari ya matembezi, na ukiniuliza mimi hayo ya sigara ndo yalikuwa shule yenyewe, mtu ambaye miaka 20 hajawahi kuulizwa anataka nini huwezi kuanza kumuuliza kuhusu uhuru wake, unaanza na sigara.

Kuna vitu vitatu filamu haivionyeshi au inavipitia juujuu, na hapa naongea kama mtu wa wodini.

Kwanza dawa. Dawa za kutuliza maruweruwe zilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952 na zilishafika Italia, na bila hizo sidhani kama mageti ya Gorizia yangefunguka, hata Basaglia mwenyewe hakuwahi kukataa dawa, watu wanamsingizia. Alichosema ni kwamba dawa ikishapunguza vurugu za mgonjwa, unabaki kuona wazi kiasi gani cha vurugu kilikuwa cha hospitali yenyewe. Pili, wakati hayo yote yanaendelea bado kulikuwa na wodi zilizofungwa, za mwisho zilifunguliwa mwishomwisho huko, kwa hiyo ukiona bustani na watu wanatembea usidhani siku zote ilikuwa hivyo kwa wote. Tatu, manesi. Hawa ndo walikuwa na funguo kiunoni. Wengi walikuwa watu wa pale mjini na vijiji vya jirani, hawakusomea uuguzi kama tunaoujua leo, waliajiriwa kwa sababu wana nguvu, kazi yao iliyowapa mshahara ilikuwa kuhesabu watu na kufunga milango na wakiponyokwa na mgonjwa wanaadhibiwa wao. Unamwambia mtu kama huyo kuanzia kesho mlango hatufungi, na akikimbia je? Nani analipa? Walioogopa walikuwa na sababu ya kuogopa. Wengine walipinga mpaka mwisho, wengine waligeuka wakawa ndo watu wanaozunguka mjini na wagonjwa, wanakwenda nao kunywa kahawa, wanawatembelea kwao, na nasema kila mahali nilipoona mabadiliko ya kweli wodini ni manesi waliyafanya, madaktari tulikuwa tunayaandikia ripoti.

Sasa Zavoli. Wewe huenda humjui lakini kwa Waitaliano wa umri fulani alikuwa ni sauti ya nyumbani, mtangazaji wa RAI, shirika la utangazaji la taifa, yeye ndo yule wa kipindi cha mashindano ya baiskeli wanapowahoji waendeshaji wakitoka tu kwenye mbio wamelowa jasho. Miaka kumi hivi kabla ya Gorizia alishaingiza kinasa sauti kwenye konventi ya masista wasiotoka nje kabisa na kufanya kipindi cha redio, kwa hiyo alikuwa na uzoefu wa sehemu zilizofungwa na namna ya kuongea na mtu ambaye hajazoea kuongea na mgeni. Baadaye sana akawa rais wa RAI na seneta, alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 96. Filamu yake ya Gorizia ilipita kwenye TV7, kipindi cha habari za kina, wakati huo Italia televisheni ni RAI tu hakuna nyingine, kwa hiyo iliingia sebuleni kwa mamilioni ya watu ambao hawajawahi kuona ndani ya hospitali ya vichaa ila kwa kutishiwa tu walipokuwa watoto.

Na alifanya nini? Alikaa na watu akawauliza. Ndo hicho tu. Angalia tena ukiwa na nafasi, hesabu nani anapewa muda. Ukichukua vipindi vingi vya hospitali za akili, vya zamani na vya leo pia, daktari anaelezea na mgonjwa anaonekana kwa nyuma anapita, sura inaliwa na kamera wakati mdomo ni wa mtu mwingine. Hapa kwa kiasi kikubwa mgonjwa ndo anaeleza maisha yake. Halafu anamgeukia Basaglia na lile swali ambalo limekuwa maarufu: unavutiwa zaidi na mgonjwa au na ugonjwa? Na jibu lake ni fupi, kwa hakika ni mgonjwa. Kwenye vyuo vya udaktari hilo jibu linasikika kama la mtu mwema tu, lakini alilimaanisha kama mbinu ya kazi, alikuwa anaandika kwamba anauweka ugonjwa kwenye mabano kwanza ili amwone mtu. Hakuwahi kusema ugonjwa haupo. Nasisitiza kwa sababu wapo wanaomtaja Basaglia kama mtu aliyesema wazimu ni uzushi wa jamii, na wanamchanganya na wengine wa zama zilezile.

Kasoro ipo. Zavoli ana sauti ya huruma nyingi, hata jina lenyewe, bustani za Abeli, yule ndugu aliyeuawa na ndugu yake, Habili kwa jina jingine, linamtaka mtazamaji ajisikie vibaya. Kwa wakati ule sawa. Ila huruma ni nusu ya safari, na Basaglia mwenyewe aliogopa sana kitu hicho, kwamba Gorizia ingekuwa kijihospitali kizuri cha maonyesho watu wanakuja kukipiga picha wanasifia halafu watu wanabaki mlemle. Hata mafanikio yao aliyaona yanaweza kugeuka gereza zuri tu.

Na kulikuwa na kivuli kingine watazamaji wa leo hawakijui. Septemba 1968 mgonjwa mmoja wa Gorizia aliyepewa ruhusa ya kwenda nyumbani kwa siku alimuua mkewe. Filamu inaonyeshwa kwenye televisheni mwanzoni mwa 1969 miezi michache tu baadaye. Basaglia akafunguliwa kesi ya kusababisha kifo, akaja kuachiwa, lakini unaweza kuelewa mji ulivyowaangalia. Mimi hiki kisa siwafichi wanafunzi wangu. Mama yule alikufa kweli, na hakuna mfumo wa wazi usio na siku kama hiyo, na mfumo wa kufunga nao unaua ila unaua taratibu ndani ya ukuta na hakuna gazeti linaloandika.

Haya, baada ya pale ikawaje. Mwaka huohuo 1968 sheria ililegezwa kidogo, mtu akaweza kulazwa kwa hiari yake na ile habari ya kuandikwa kwenye rejista ya jinai ikafutwa. Basaglia akaondoka Gorizia 1969, akaenda Marekani miezi kadhaa, akarudi Parma, na 1971 akapewa Trieste, mwendo mfupi tu kutoka Gorizia, hospitali kubwa ya San Giovanni yenye wagonjwa wapatao 1,200. Waliobaki Gorizia waliomba serikali ya mkoa ifungue vituo mjini ili watu wahudumiwe kwao, mkoa ukagoma, na mwaka 1972 timu ya madaktari ikajiuzulu kwa pamoja. Wakasema wagonjwa wetu wako tayari kutoka, ambao hawako tayari ni ninyi. Ndo mwisho wa ile bustani uliyoiona. Darasani hawakuwaambia eeh?

Trieste walikwenda mbali zaidi. Wagonjwa siku zote walikuwa wanafanya kazi za hospitali, kufua, kufagia, jikoni, wanalipwa sigara na visenti na inaitwa tiba. Wakaanzisha ushirika wao, wakapata mkataba kama wafanyakazi wengine wowote, kazi ileile ila sasa ni ajira. Waliokuwa wameshapona kisheria lakini hawana pa kwenda wakapewa hadhi ya mgeni, analala palepale lakini sio mgonjwa tena, ana ufunguo wake, anatoka na kurudi anavyotaka. Zikapangwa nyumba mjini. Na mwaka 1973 wakatengeneza yule farasi mkubwa wa buluu, wa mbao na karatasi, Marco Cavallo. Jina lilikuwa la farasi wa kweli aliyevuta mkokoteni wa nguo chafu hapo hospitalini miaka nenda rudi, alipozeeka ilikuwa apelekwe machinjioni wagonjwa wakaandika barua kwa mkoa kumwombea maisha wakakubaliwa. Siku ya kumtoa farasi wa karatasi mjini hakupita mlangoni, alikuwa mkubwa kuliko mlango, wakavunja mlango. Manesi wengine hawakufurahi, walisema tunacheza na midoli wakati mishahara na zamu bado ni vilevile, na kwa kweli walikuwa na hoja.

Sheria yenyewe, namba 180, ilipita tarehe 13 Mei 1978, siku nne tu baada ya maiti ya Aldo Moro, waziri mkuu wa zamani aliyetekwa, kukutwa kwenye gari Roma, nchi nzima iko kwenye msiba na hofu. Ilipitishwa chapchap kwenye kamati kwa sababu chama cha Radicali kilishakusanya saini za kura ya maoni ya kufuta ile ya 1904 na vyama vikubwa havikutaka kura hiyo ipigwe. Watu wanaiita sheria ya Basaglia lakini aliyeisukuma bungeni ni Bruno Orsini, mbunge wa chama cha Demokrasia ya Kikristo ambaye naye alikuwa daktari wa akili, na Basaglia mwenyewe hakuridhika nayo yote. Alifariki 1980 kwa uvimbe kichwani, ana miaka 56, hakuona hata robo ya matokeo.

Sheria ilisema hivi kwa ufupi: hakuna kujenga hospitali mpya za akili, zilizopo ziishe taratibu, tiba ni ya hiari na inatolewa kwenye vituo vya mtaani, na wanaohitaji kulazwa walazwe kwenye wodi ndogo ndani ya hospitali za kawaida, vitanda visizidi 15. Kumtibu mtu kwa lazima bado inawezekana ila madaktari wawili waandike, meya wa mji atie saini kwa sababu ni suala la afya ya raia wake, hakimu ajulishwe na athibitishe, na muda ni siku saba ndipo muanze upya kuhalalisha kama bado kuna haja. Mimi hapo kwenye meya huwa napapenda. Polisi hayupo kwenye saini.

Wagonjwa walikwenda wapi? Jibu la kweli linategemea walikuwa mkoa gani. Trieste walikwenda kwenye fleti za kuishi kwa pamoja, kwa ndugu, kwenye vituo vya mtaani vilivyofunguliwa kwa saa 24 siku saba na vyenye vitanda vichache vya mtu aliyezidiwa, na lile eneo la San Giovanni leo ni bustani ya waridi, kuna ofisi, kuna chuo, watu wanapita na mbwa wao. Shirika la Afya Duniani lilishaichukua Trieste kama kituo chake cha ushirikiano tangu miaka ya themanini. Mikoa mingine, hasa kusini lakini sio kusini tu, kwa miaka mingi hakuna kilichofunguliwa, mtu anarudishwa kwa mama yake mwenye miaka 70 na karatasi ya dawa, na mama akipiga simu usiku hakuna wa kupokea. Familia ziliungana zikapiga kelele sana na walikuwa wanasema kweli. Hospitali za mwisho ziliisha mwishoni mwa miaka ya tisini, miaka 20 baada ya sheria, na zile za wagonjwa waliofanya makosa ya jinai zilibaki vilevile chini ya magereza mpaka ilipotungwa sheria nyingine, ya mwisho ikaisha 2017. Kwa hiyo ukisikia Italia walifunga hospitali zote mwaka 1978, hapana, mwaka 1978 waliamua.

Sasa filamu yako.

Kabla hujaandika barua yoyote tafuta habari za filamu nyingine ya kipindi hichohicho, Titicut Follies ya Frederick Wiseman, 1967, imerekodiwa Bridgewater, Massachusetts, gereza la wagonjwa wa akili. Inaonyesha wanaume wako uchi, wanachokozwa na askari, mmoja analishwa kwa mrija puani huku daktari anavuta sigara juu yake. Ni filamu yenye nguvu ya kutisha. Mahakama za jimbo zikaizuia watu wa kawaida wasiione mpaka mwaka 1991, na hoja ilikuwa faragha ya wale watu. Serikali ilikuwa na sababu zake za kutaka isionekane, hilo liko wazi, lakini hoja yenyewe huwezi kuitupa, kwa sababu ruhusa kubwa aliyokuwa nayo Wiseman ilitoka kwa mkuu wa taasisi, ambaye ndiye pia aliyehesabiwa kuwa mlezi wa waliofungwa. Mwenye gereza ndo kakubali kwa niaba ya mfungwa. Unaona mtego ulipo?

Hapa kwetu utaambiwa hivyohivyo. Utahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, utahitaji barua ya hospitali na ya wizara, na ukishapata mihuri yote utajisikia umemaliza, bado hujaanza. Hospitali zetu kubwa zilijengwa na wakoloni, Mathari ya Nairobi ni 1910, Mirembe ya Dodoma ni 1927, na lile wazo la kwamba mkubwa wa hospitali anaweza kumsemea aliyelazwa lilikuja pamoja na matofali. Kwa hiyo barua ya mganga mfawidhi inakuruhusu wewe kuingia getini. Kumrekodi mtu ni ruhusa yake yeye, na mtu aliyezidiwa hawezi kutoa ruhusa ya kweli, hata akicheka na kukuambia rekodi tu dada. Ndugu zake pia wanaweza kukubali kwa sababu wamechoka au wamekasirika naye, au kukataa kwa aibu yao wenyewe, sikiliza wote lakini usiwaache wamalize mazungumzo bila yeye.

Ushauri wangu: usianze na wodi. Anza na waliotoka, walio nyumbani, wako vizuri, wanakwenda kliniki wanachukua dawa na kurudi. Nenda bila kamera mara kadhaa, wakuzoee, wakuulize maswali wao. Muulize mtu siku akiwa na nafuu, muulize tena baada ya wiki mbili, mweleze wazi kwamba itaingia mtandaoni na ikiingia haitoki, mwajiri ataiona, shemeji ataiona, na wale wa mtaani wanaomwita Milembe, yaani wa Mirembe, wataiona. Anayesita usimbembeleze. Sauti bila sura inatosha, mikono inatosha. Ukipata watatu wanaotaka kweli una filamu.

Na maswali usiniulize mimi niongee nusu saa halafu wao wapite kwa nyuma. Nipe dakika mbili, nieleze dawa zinafanyaje kazi, basi nitoe. Wahoji manesi pia, hasa wa zamu ya usiku, hao wana mambo. Usimuulize mgonjwa ugonjwa wako ulianzaje, kila mtu anamuuliza hilo, ana jibu limeshakariri kama la paspoti. Muulize anafanya nini siku ya kliniki kuanzia anapoamka, nauli anaitoa wapi, nani anamsindikiza, dawa zikiisha kituoni anafanyaje. Hapo utapata nchi nzima ndani yake bila wewe kusema neno.

Ukishamaliza kuhariri waonyeshe wao kwanza, kabla ya mwalimu wako, kabla ya tamasha lolote, na anayesema kipande kile kitoe, kitoe hata kama ndo kizuri kuliko vyote. Barua ya kuombea kibali ukishaiandika nitumie niisome, mara nyingi mnaiandika vibaya kwenye sehemu ya wanaorekodiwa.